Bohari Kujaa si Mkulima Kushiba

Imezuka desturi katika nchi yetu, nayo imefika hata huku Nyanda za Juu Kusini, ya kuzipima nchi mbili kwa bohari zao. Mtu husimama mkutanoni, akaikunjua karatasi yenye tarakimu, akasema, "Akiba ya chai ya Kenya imeongezeka mwaka huu, yetu imepungua; basi wenzetu ni watu wa kazi, sisi ni wavivu." Mwaka wa pili husimama mwingine na karatasi yake, akasema, "Bohari za Kenya zimejaa chai isiyo na mnunuzi, zetu ni tupu. Basi sisi ndio wenye akili." Wasikilizaji huwapigia makofi wote wawili, ingawa maneno yao hayapatani hata kidogo, kisha hurudi makwao na jambo moja tu moyoni, ama majivuno, ama aibu.

Sisi walimu wa Ilomba twasema ya kuwa wasemaji hawa wote wawili wamekosa, tena kosa lao ni moja. Wamedhani ya kwamba akiba ni baraka au ni laana yenyewe kwa yenyewe, bila ya kuuliza ni ya nani, imelala wapi, na kwa sababu gani imelala. Wala hili si kosa la karatasi tu. Mkulima akiisha kuaibishwa mbele ya jirani zake, huenda shambani akang'oa. Twawajua katika Rungwe walioing'oa michai wakapanda parachichi. Aliyekaa na kalamu, akahesabu, akaona faida, hatumlaumu. Lakini yuko aliyeng'oa kwa kuwa alisikia mkutanoni ya kuwa chai imekufa. Huyu ameutupa mti ambao ungalimlisha yeye na wajukuu zake, maana mchai ukitunzwa vema huishi zaidi ya miaka 50. Ndiyo sababu tumeona haifai kunyamaza.

Na tuanze kwa jambo ambalo kila msomaji amelishika kwa mikono yake, yaani kihenge cha mahindi. Mtu ameanza mwaka na debe 10, akavuna debe 40, nyumba yake ikala debe 30, akauza 12. Amebaki na debe 8, na akiba yake imepungua debe 2. Jirani yake naye alianza na debe 10, akavuna 40, akala 20, wala hakuuza hata moja, kwa kuwa mvua iliikata njia na gari halikuja. Amebaki na debe 30, na akiba yake imeongezeka debe 20. Mwenye karatasi atamsifu huyu wa pili. Lakini wa kwanza amewanunulia watoto wake sare na madaftari, na wa pili amekaa na mahindi yake akiyasikiliza yakiliwa na dumuzi. Basi ni yupi aliyeneemeka?

Hesabu ya nchi ni hiyo hiyo ya kihenge. Twaa akiba ya mwanzo wa mwaka, ongeza mavuno, ongeza kilichoingia kutoka nchi nyingine. Kisha toa kilichopelekwa nje, toa kilichotumiwa nyumbani, toa kilichoharibika. Kinachobaki ndicho akiba ya mwisho. Tena yafaa ijulikane ya kuwa mara nyingi, katika vitabu vya hesabu za mataifa, hakuna mtu aliyeingia bohari na mizani ili kupima kupanda au kushuka kwa akiba. Tarakimu hiyo hupatikana kwa kujumlisha na kutoa zile nyingine, na kwa hiyo makosa yao yote humwagikia hapo, kama maji machafu ya nyumba nzima yamwagikavyo katika shimo moja. Na tarakimu hiyo ndiyo wanayoipenda zaidi wasemaji wetu!

Sasa tutazame chai. Kenya huvuna kila mwaka zaidi ya kilo milioni 500 za chai iliyokwisha kutengenezwa. Tanzania kwa kawaida haifiki kilo milioni 40. Mtu ayawekaye mafungu haya mawili katika mizani moja amekwisha kupotea kabla ya kuanza, maana tone moja katika bahari ya Kenya ni mto mzima kwetu. Lakini liko jambo kubwa zaidi. Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka wa 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka wa 1969, na tangu hapo chai ya nchi nyingi za Afrika huuzwa huko: ya Uganda, ya Rwanda, ya Malawi, na yetu pia. Chai iliyochumwa Mufindi au Rungwe yaweza kulala katika bohari ya Mombasa ikingoja mnada. Je, hiyo ni akiba ya Kenya au ni akiba yetu? Mnamo Novemba 2023 ulianzishwa mnada wa chai Dar es Salaam. Mtu ahesabuye mifuko kwa mahali ilipolala ataona akiba ya Tanzania ikipanda na ya Kenya ikishuka kila mzigo unapoacha njia ya Mombasa na kushika njia ya Dar es Salaam, hali hakuna jani hata moja lililoongezeka katika kikapu cha mchumaji.

Na hizo bohari zilizojaa, zilijaaje? Mwezi wa Julai mwaka wa 2021 Kenya iliweka bei ya chini kwa chai ya wakulima wadogo katika mnada wa Mombasa, dola 2.43 kwa kilo, ili mnunuzi asiichukue kwa bei ya kutupa. Nia ilikuwa njema, na katika miaka ya kwanza malipo ya mkulima yaliongezeka. Haki hiyo hatuwanyimi. Lakini wanunuzi walichagua chai iliyo bora wakaiacha iliyo duni, na makumi ya mamilioni ya kilo yakabaki bila kuuzwa, mwaka juu ya mwaka, hata bei ile ya chini ikaondolewa mwaka wa 2024. Chai si dhahabu. Ikikaa sana hupoteza harufu na rangi, na mnunuzi aionjapo huijua mara moja. Basi wale waliotuambia, "Tazameni akiba ya Kenya ilivyopanda," walikuwa wakituonyesha jasho la mkulima wa Kericho na Nyeri likichakaa ndani ya mifuko.

Lakini asicheke mtu wa upande wetu. Uharibifu wa Kenya ulionekana kwa kuwa ulikuwa ndani ya bohari, ukahesabika. Wetu hauonekani. Jani bichi la chai haliwekwi akiba. Yapasa lifike kiwandani siku ile ile lilipochumwa, na zahitajiwa kilo 4 au 5 za jani bichi kupata kilo 1 ya chai kavu. Kiwanda kikisimama, au kikichelewesha malipo hata wachumaji wakaondoka, kama ilivyotukia zaidi ya mara moja katika mikoa yetu, jani hukomaa juu ya mti likawa gumu, lisifae kitu. Jani hilo halikuingia bohari wala halikuandikwa katika daftari lo lote, na mwisho wa mwaka karatasi husema kwa upole ya kuwa akiba ya Tanzania ni ndogo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi bohari ya Kenya iliyojaa na bohari yetu iliyo tupu zaweza kuwa na maana moja, nayo ni kwamba mkulima hakulipwa.

Tuje kwenye kahawa, ambayo sisi wa Ilomba twaiona kwa macho, maana malori yatokayo Mbozi hupita katika barabara kuu mbele yetu. Hapa wasemaji wetu hupenda kujivuna. Husema ya kuwa Kenya, ambayo katika msimu wa 1987/88 ilivuna karibu tani elfu 130, sasa huvuna tani elfu 50 hivi, na ya kuwa sisi tumewapita. Ni kweli tumewapita. Lakini akiba ya kahawa ya Kenya haikupungua kwa sababu waliuza yote kwa furaha. Ilipungua kwa sababu mashamba ya Kiambu yaligeuzwa kuwa viwanja vya nyumba, na kwa sababu wakulima wengi walichoshwa na vyama vilivyowalipa kidogo, tena kwa kuchelewa. Msiba wa jirani si ushindi wetu. Ni onyo kwetu.

Tena iko mitego mitatu katika kulinganisha akiba za kahawa, na anayeinasua mmoja hunaswa na mwingine.

Mtego wa kwanza ni majira. Mbozi huvuna kati ya Mei na Septemba hivi. Mavuno makubwa ya Kenya huwa kati ya Oktoba na Desemba. Ukihesabu magunia ya nchi hizi mbili siku moja, tuseme tarehe 31 Desemba, utamkuta mmoja akiwa amekwisha kuuza sehemu kubwa ya kahawa yake, na mwingine ndiyo kwanza anaianika. Kuwalinganisha hivyo ni kama kumlinganisha aliyekwisha kula na anayepakua.

Mtego wa pili ni kahawa yenyewe. Kilo 100 za kahawa ya maganda, zikiisha kukobolewa, hutoa kilo 80 hivi za kahawa safi. Ikiwa karani mmoja ameandika maganda na mwingine ameandika safi, tofauti ya moja katika tano imeingia kwenye daftari bila ya panya kula hata punje.

Mtego wa tatu ni mipaka. Mwaka wa 2016 Mbozi ilitolewa katika Mkoa wa Mbeya ikawa ndani ya mkoa mpya wa Songwe. Kabla ya hapo, mwaka wa 2012, Njombe ilitengwa na Iringa. Mtu asiyejua hayo, akiisoma kahawa ya Mbeya ya miaka iliyotangulia na ya miaka iliyofuata, atalia ya kuwa mibuni yetu imeteketea. Haikuteketea, ipo pale pale Vwawa. Wino ndio uliohama.

Ikiwa mpaka wa mikoa waweza kutudanganya hivyo, je, mpaka wa nchi mbili? Wazee wa Kenya na wa Uganda wanalikumbuka jina la Chepkube, soko la mpakani karibu na Bungoma. Mwezi wa Julai mwaka wa 1975 baridi kali iliiua mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda mno duniani, na Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, ambako mkulima hakupata cha maana. Basi mnamo 1976 na 1977 kahawa ya Uganda ilivuka mpaka kwa vichwa, kwa punda na kwa baiskeli, ikauzwa upande wa pili kana kwamba ilizaliwa huko. Katika karatasi, Uganda ilipungukiwa na Kenya ikaongezewa. Magunia yalikuwa yale yale. Nasi tusinyoshe kidole mbali. Kahawa ya Kagera nayo imevuka kwenda Uganda kwa magendo miaka mingi, na huko Kagera iko desturi ya butura, yaani mkulima kuiuza kahawa ikali mtini kwa fedha kidogo kwa sababu ya shida. Aliyeuza butura, akiba yake ni nini? Ameketi chini ya mti wake mwenyewe uliojaa matunda, wala tunda si lake.

Kakao twaweza kuimaliza upesi, maana hapo kulinganisha kwenyewe hakuna maana. Kakao yetu hasa ni ya Kyela, kwenye joto na mvua za kando ya Ziwa Nyasa. Kenya si nchi ya kakao. Iliyo nayo kwa sehemu kubwa sana imenunuliwa kwa wengine, ili itiwe katika vinywaji na vitamutamu. Akiba ya Kyela ni ya muuzaji, akiba ya Nairobi ni ya mnunuzi. Mmoja huomba bei ipande, mwingine huomba ishuke. Yawezekanaje kuziweka katika safu mbili za karatasi moja, na kuzipa jina moja?

Lakini kakao imetufundisha jambo jingine. Mavuno ya Kodivaa na Ghana yalipopungua, bei ya dunia ilipanda hata ikapita dola 12,000 kwa tani mwezi wa Desemba 2024. Kisha mwaka wa 2025 ikashuka sana. Wako waliosema, "Mkulima wa Kyela angaliweka akiba!" Angaliiweka wapi? Mbegu ya kakao ikiisha kuvundikwa siku 5 au 6 na kuanikwa, yapasa unyevu wake ushuke hata sehemu 7 au 8 katika 100, na hewa ya Kyela hurudisha unyevu ule na kuleta ukungu. Akiba ya kweli ya kakao ya dunia imelala Antwerp, Amsterdam na Hamburg, katika bohari kavu za watu wenye fedha ya kungoja. Wao huweza kusema "si leo". Mkulima mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kusema neno hilo.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri letu. Gunia lililolala bohari bila ya mwenyewe kulipwa si utajiri wake. Ni mkopo aliowapa wengine pasipo riba, wala hakuulizwa kama yu radhi. Akiba hiyo inapopanda, deni lake ndilo linalopanda. Sheria ya Stakabadhi za Ghala, Namba 10 ya mwaka 2005, ilijua jambo hili, maana ilitaka ile karatasi ya ghala iwe mali, ambayo mwenyewe aweza kuiwekea rehani akapata fedha huku akingoja bei. Ni sheria yenye busara. Lakini stakabadhi isiyompatia mkulima mkopo, wala malipo ya awali kwa wakati, ni karatasi tu ya kukumbushia njaa.

Tutaambiwa, "Je, ninyi walimu mnapinga akiba? Hamkusoma habari za Yusufu katika Misri?" Tumeisoma, na twaifundisha. Yusufu alikusanya nafaka inayoliwa, katika nchi ile ile iliyoilima, kwa hesabu, akijua ni miaka mingapi ya njaa itakayokuja. Kahawa hailiwi ugali. Brazil ilijaza bohari zake kahawa isiyo na mnunuzi, na kati ya mwaka wa 1931 na 1944 ikateketeza magunia zaidi ya milioni 70, kwa moto na kwa bahari, ili bei isife kabisa. Hiyo nayo ilikuwa akiba. Tena chini ya mapatano ya kahawa ya dunia ya mwaka 1962 nchi zilizolima zilipewa mafungu ya kuuza, na zile zilizovuna kupita fungu lao zilibaki na ziada bohari. Mafungu yalipovunjika Julai 1989, akiba zile zilimwagwa sokoni kwa pamoja, na bei ikashuka karibu nusu kwa muda mfupi. Aliyekuwa akijivunia bohari yake mwezi wa Juni aliilia mwezi wa Septemba. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakusema ya kuwa haishuki bei.

Na wengine watasema, "Basi tusilinganishe tena nchi na nchi." La, hatusemi hivyo. Kulinganisha ni shule. Kenya imetufundisha kwa chai yake ya wakulima wadogo, na yafaa nayo ijifunze kwetu. Twasema hivi: asiye na majibu ya maswali manne asitusomee karatasi yake. Mzigo huu ni wa nani, na amelipwa kiasi gani? Umelala wapi, katika nchi yake au ya jirani? Umelala tangu lini? Na umelala kwa kungoja bei, au kwa kukosa mnunuzi, au kwa kukosa gari? Akiyajibu hayo, tutamsikiliza hata jua lizame.

Basi twataka nini? Twataka kila chama cha msingi, Mbozi na Rungwe, Kyela na Mufindi, kibandike ukutani kila mwisho wa mwezi karatasi moja yenye mistari mitano: kilichopokewa, kilichosafirishwa, kilichouzwa, kilichobaki na umri wake, na deni ambalo wakulima wanadai. Mstari huo wa tano ndio wasioupenda makarani wengi, na kwa sababu hiyo ndio ulio wa lazima kuliko yote. Kazi hiyo haihitaji fedha za wafadhili. Yahitaji kalamu, mizani iliyo sawa, na mtu mwaminifu.

Na kwa walimu wenzetu twasema, tusiwaachie makarani peke yao. Mtoto wa darasa la tano aweza kuijua hesabu ya kihenge kwa nusu saa. Mpe magunia ya chama cha baba yake badala ya machungwa ya kitabuni, naye atakwenda nyumbani jioni akamwuliza baba yake, "Baba, kahawa yetu imebaki ngapi, na tunadai ngapi?" Swali hilo likiulizwa katika nyumba elfu moja kwa jioni moja, hakuna chama kitakachoweza kulala.

Mkulima wa Kericho na mkulima wa Tukuyu si washindani katika mbio. Mzigo wao hulala katika bohari moja ya Mombasa, huonjwa na mnunuzi yule yule, na wote wawili hungoja malipo. Anayewafundisha kuchekana kwa tarakimu wasizozielewa amemsaidia mtu mmoja tu, naye ni yule mwenye fedha ya kungoja.